Nyuka Aliona Njia

Admin, ficha jina langu kabisa, maana ndugu yangu anafuata huu ukurasa, na mke wake ndiye husoma mpaka maoni ya mwisho.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na nane, nimefiwa na mke. Wale mtakaocheka kwa sababu mzee mzima analilia mbwa, chekeni mmalize, kisha msome.

Nilikuwa fundi wa redio mtaani Obunga mpaka macho yakaingia ukungu. Fundi asiyeona waya ni mtu wa kukaa tu. Mdogo wangu ana duka la vifaa vya ujenzi na boma kubwa huku Nyamasaria, akaja kunichukua. Akasema, "Omera, ndugu yangu, huwezi kuzeekea kwa chumba cha mabati na mimi niko hai." Nilishukuru, lakini mkubwa kulishwa na mdogo si jambo tamu. Na nyumbani kwetu siwezi kurudi, maana miaka yote hiyo sikuwahi kujenga hata kibanda. Wajaluo wenzangu mnaijua hiyo aibu. Basi nikahamia kwake na sanduku la nguo na Nyuka.

Nyuka ni mbwa. Mke wangu alimwokota akiwa mdogo wa kuenea kwa sufuria, akamwita Nyuka, yaani uji, kwa ajili ya rangi yake. Hakukua sana. Mke wangu alipougua mpaka akashindwa kuamka, huyo mbwa hakutoka chini ya kitanda. Baada ya mazishi watu wote walirudi makwao, yeye akabaki na mimi. Kwa hivyo mtu asiniambie ni mbwa tu.

Ndugu yangu anafuga mbwa watatu wakubwa wa kulinda mali. Tulipofika tu wakamrarua Nyuka sikio. Siku nyingine wakamshika shingo, nikamtoa kwa kuwapiga na fimbo yangu. Nikawa namfungia chumbani mchana kutwa, analia kwa sauti ndogo. Mke wa ndugu yangu si mtu mbaya. Akaniambia, "Shemeji, huyu atauawa tukiangalia. Shangazi yangu wa Awasi ana kuku na hana mbwa. Wacha tumpeleke huko." Mwenye macho haambiwi tazama, na hata mimi mwenye macho mabovu niliona amesema kweli. Nikakubali.

Sasa, huku kwetu mbwa akihamishwa anatiwa kwa gunia, gunia linafungwa, asione njia. Akiiona, atarudi. Hata mtoto anajua hivyo. Ndugu yangu alifunga gunia mwenyewe akaliweka miguuni pangu ndani ya pikapu. Nyuka hakubweka. Alitafuta tundu, akatoa ulimi, akaanza kunilamba mkono.

Nilivumilia mpaka Ahero. Pale kwa mashamba ya mpunga nikafungua kamba.

"Unafanya nini sasa?" ndugu yangu akauliza.

"Apumue kidogo. Nitamfunga tena."

Sikumfunga. Alikaa mapajani pangu, kichwa nje ya dirisha, akitazama barabara mpaka mwisho, na mimi mjinga nikawa namwonyesha mpunga.

Yule shangazi wa Awasi aliuliza, "Mzee, amekuja amefungwa guniani?" Nikajibu ndiyo. Ndugu yangu akaniangalia, kisha akarudi kwenye pikapu. Kwa neno langu hilo, yule mama hakumfunga kamba muda mrefu.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwa veranda, wale watatu hawajafungiwa bado, nikasikia kitu kinakwaruza chini ya geti. Sikuona vizuri, niliona rangi ya uji tu. Nikamwita. Mungu anisamehe, nilimwita kwa furaha. Hakuwatazama hata kidogo wale wakubwa, alikuja moja kwa moja kwangu akitikisa mkia. Hakunifikia.

Ndugu yangu aliwapiga kwa mpini wa jembe mpaka wakamwachilia. Daktari wa mifugo akashona alichoweza. Mguu mmoja wa nyuma umekufa, na hali chakula mpaka nimshikie bakuli. Shangazi wa Awasi nimempigia simu nikimwomba amchukue tena. Akasema, "Mbwa aliyejua njia si wangu, ni wa njia. Na wewe mzee mzima ulinidanganya."

Sasa ndugu yangu amesema Jumamosi daktari atakuja na sindano ya kumlaza asiamke tena. "Omera, si ukatili. Tunamwacha ateseke kwa nini?" Siwezi kubishana, boma ni lake. Nimeuliza majirani, nimeuliza watu wa kanisa. Mbwa mdogo, kiwete, wa kuuguzwa, nani anamtaka? Hakuna.

Ninavyoandika, simu karibu iguse pua, yuko hapa miguuni. Nikiinuka hata kuchukua maji, naye anajaribu kuinuka, anadhani tunaenda Obunga.

Kama kuna mtu kati yenu ana boma lisilo na mbwa wakubwa, amwambie Admin. Nitamleta mwenyewe, ndani ya gunia, na mara hii sitalifungua njiani. Na kama hayuko, basi nishaurini tu hili moja. Iwe ni gunia, iwe ni sindano, mkono wangu ndio utakuwa karibu naye, na najua ataulamba. Akiulamba, nifanye nini?