Pengo Kwenye Kinanda cha Wifi

Wifi yangu ni dobi. Anapiga pasi katika duka la kufulia nguo mtaa wa nyuma, kutwa amesimama, na akirudi nyumbani, badala ya kunyoosha miguu kama binadamu wengine, anakaa kwenye kinanda. Hakusomea muziki, wala hapigi kwa malipo. Anachukua wimbo wowote, uwe wa kanisani, wa tangazo la sabuni au wa watoto kurukia kamba, leo anaugeuza rumba, kesho taarabu, keshokutwa gwaride la askari. Anatunga na zake pia, tena hapo hapo kazini, kwa kufuata mvuke wa pasi unavyotoka. Mdogo wangu aliyemwoa anatusimulia haya kana kwamba ameoa redio ya taifa.

Msinielewe vibaya. Nampenda. Lakini wivu ninao, na siuonei haya.

Mambo yalianza Jumapili moja alipomsikia mama yangu akiimba jikoni ule wimbo wa kubembelezea mtoto. Wimbo huo ni wangu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, mama aliutunga kwa ajili yangu, hao wadogo zangu waliimbiwa makombo. Wifi akaweka sufuria chini, akasema, "Mama, hebu rudia hapo." Mama akarudia. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Nikimpigia mama simu, yuko kwa wifi. Nikimpelekea viatu laini vya miguu yake inayovimba, anaviweka kando.

"Asante mwanangu. Sikiliza kwanza, mkwe wangu ameupiga kwa rumba!"

Mimi niliyemfanya aitwe mama, naambiwa nisikilize. Nikasikiliza. Ulikuwa mtamu, na utamu huo ndio ulionichoma roho.

Ndipo nikagundua jambo. Kila wimbo ulipopanda mpaka kileleni, ile sauti ya juu kabisa haikutoka. Kwenye rumba pengo, kwenye taarabu pengo, kwenye rege pengo. Mimi nauza viatu. Mtu anayeficha kidole kinachomuuma namjua kwa mwendo tu. Nikachungulia kinanda, nikakiona kitufe kimoja kimekufa. Ukikibonyeza kinagonga ko, basi.

"Kinanda chako kibovu, wifi."

"Kibovu kweli, wifi. Nilikinunua hivyo hivyo."

"Sasa mbona hukipeleki kwa fundi?"

"Nitakipeleka," akasema, akacheka. Hakukipeleka. Nami nikalihifadhi jambo hilo moyoni, maana za mwizi ni arobaini.

Mama alipostaafu ualimu, tulimfanyia sherehe uani kwa mdogo wangu. Walimu wenzake walikuja, na majirani, na wanafunzi wa zamani wenye vitambi. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimeifanyia mazoezi dukani mbele ya kioo cha kupimia viatu, kwa hiyo nusu yake nilikuwa naihutubia miguu yangu. Mama mwenyewe akasema hotuba zisubiri, kwanza apewe wimbo wake.

Wimbo wake! Nikaapa kwamba leo wataujua ni wa nani. Wifi akifika penye pengo, nitaitoa mimi ile sauti, tena kwa nguvu, watu wote wasikie kilichokuwa kinakosekana.

Alianza polepole kama kwaya, akaingia kwenye rumba, mabega ya watu yakaanza kucheza. Wimbo ukapanda, ukapanda. Kidole chake kilipokaribia kile kitufe kilichokufa, nikasimama, nikaiachia sauti kali, ndefu, mpaka mtoto wa jirani akaziba masikio.

Wifi hakushtuka. Mkono wake wa kushoto ukanipokea chini kabisa, ukaibeba sauti yangu kama vile tumefanya mazoezi mwezi mzima. Alipouzungusha wimbo na kufika pale tena, akaupunguza mwendo, akanitazama, akainua nyusi. Nikaimba tena. Ningefanyaje? Watu wakashangilia. Mama alikuwa analia huku anacheka, ananionyesha kwa kidole. "Huyo! Si niliwaambia? Huyo!"

Baadaye tukiosha sahani, nikamuuliza, "Ulijuaje kwamba nitaimba?"

"Sikujua, wifi. Nilikuwa nakungoja tu."

"Na kile kitufe?"

"Ningetaka kukikwepa, ningeuanzia wimbo juu kidogo, basi. Mama ndiye aliyenifundisha kuliacha hilo pengo. Anasema ulipokuwa mchanga, hujui hata kutamka neno, yeye akifika pale alikuwa ananyamaza, nawe unamalizia kwa kelele. Akaniambia hapo ni pako, nisipaguse."

Niliendelea kuisugua sahani iliyokuwa safi tayari. Nilikwenda kumwaibisha mbele ya watu, kumbe husuda yangu alikwisha kuitengea nafasi, akaipangia na mdundo wake, na watu wakaipigia makofi.

"Mbona mama hajawahi kuniambia?" nikauliza.

"Labda hukumuuliza," akajibu, akanipokonya sahani taratibu, akaifuta.

Mnadhani wivu uliisha hapo? Ulizidi. Miaka yote hiyo mama alikuwa na habari zangu kifuani, za utotoni mwangu mwenyewe, na wa kwanza kuzisikia akawa wifi.