Kufuli Ndani ya Zawadi

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, Mwanangu, redio ya ofisini iliponiita kwa jina huku madereva wote wakisikia. Sijaona haya vile tena maishani.

Nilikuwa Karatu, binti wa kompyuta katika kampuni ya kupeleka wageni Ngorongoro. Miaka hiyo ya elfu mbili mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo programu ya ofisi niliitilia kipande nilichokipenda kuliko vyote: kilitunza kumbukumbu mtandao ukikatika, kikazipeleka ukirudi. Watu wakakiomba. Nikakitoa kwenye programu ya ofisi kikasimama peke yake, nikatangaza ni huria: kila mtu akichukue, akisome, akibadilishe. Nilisifiwa, nikavimba kichwa. Lakini ndani yake niliacha mistari michache: kila mwanzo wa mwezi kiombe ruhusa kwenye kompyuta yangu, kikikosa kijifunge. Nilijiambia ni usalama. Uongo mtupu, nilitaka wajue mwenyewe ni nani.

Siku hiyo ilikuwa tarehe mosi, na Karatu ilikuwa haina umeme kwa siku ya tatu, kwa hiyo kompyuta yangu ilikuwa imezimika. Aliyeita, kwa redio ya zahanati iliyoshika masafa yetu, ni Nesi Paskalina wa upande wa Digodigo, aliyeweka kadi za wagonjwa kwenye kipande hicho.

"Dada Elinami, kompyuta imegoma. Inasema inasubiri ruhusa yako. Nina mtoto hapa anachemka homa. Mwaka jana kuna sindano ilitaka kumuua, na jina la dawa limo humu. Mama yake halikumbuki. Ova."

Dawa ya tatizo lile ilikuwa kumwambia nesi afute mistari yangu. Lakini magari yote, kuanzia getini hadi kreta, yalikuwa yanasikiliza. Nikajibu, "Subiri kidogo, nesi, umeme utarudi."

Mzee Lekishon, dereva wetu mkongwe, akaweka kikombe chake chini. "Binti yangu, kwetu ukimpa mtu ng'ombe mtamba, anaingia boma lake na kutiwa alama yake. Huyu nesi umempa mtamba mwenye alama yako. Hujampa kitu. Sema naye, mtoto anaungua."

Nikabonyeza redio. "Nesi, kufuli nililiweka mimi. Fungua faili nitakalokutajia." Nikamwelekeza kwa kichwa, mstari kwa mstari, nini afute. Akakosea alama moja, ikagoma. Tukarudia. Mtoto nilimsikia akilia nyuma yake, kisha sikumsikia tena. Nilidhani nimeua.

"Imefunguka!" Akaisoma kadi. "Dada, ndiyo hii niliyokwisha kuivuta kwenye sindano."

Akaimwaga, akatumia nyingine. Kesho yake akaniambia mtoto amekunywa uji.

Wiki ile Paskalina aliwatumia wenzake wa zahanati nyingine kipande kisicho na mistari yangu, wala hakuniomba ruhusa. Nililia kwa furaha. Nikawakabidhi yeye na wengine wawili funguo zote za kukitunza, nikakaa pembeni.

Basi, Mwanangu, ukitoa kitu, kitoe chote. Kabla hujatangaza, jiulize kama watu wanaweza kukitumia siku ambayo wewe hupo. Kama hawawezi, bado umekishika. Na ukikosea, sema upesi, hata kama wanasikia wote. Mimi aibu ile niliimaliza kwa siku mbili tatu. Mtoto yule ningemrudishaje?

Mungu akupe mikono inayoachia, na kazi yako iwafae hata wasiolijua jina lako.