Jumuiya ya Maji Matupu

Wiki iliyopita nilirudi Ilemela, nikaalikwa kwenye ibada ya jumuiya nyumbani kwa binamu yangu. Nilipofika nilidhani nimekosea nyumba. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe mgongoni kama mabibi harusi, pilau lilikuwa likinukia hadi barabarani, na kijana mmoja aliyevaa sare alipita akituuliza kwa sauti ya hotelini kama tunapenda soda baridi au ya kawaida. Nikaomba maji. Alinitazama kwa huruma, akaniletea ya chupa. Nilipopiga funda la kwanza kicheko kilinitoka puani, maji yakakifuata, na mwenyekiti wa jumuiya akanyanyuka kuja kuniwekea mikono, akidhani nimepandisha mapepo. Nikamwambia nimepaliwa tu. Wewe, rafiki yangu, nitakuambia ukweli.

Nililelewa na bibi yangu kwenye kile kilima cha mawe juu ya ziwa, ambako nyumba zimekaa juu ya miamba kama mbuzi, na ukiangusha ndizi mlangoni kwako unakwenda kuiokota kwa jirani wa chini. Kila Alhamisi saa kumi jioni, jua likianza kulegea na harufu ya dagaa ikipanda kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, jumuiya yetu ilikutana katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu. Tuliimba, tulisoma neno, tuliombea wagonjwa. Baada ya hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo wengi walikuwa wamelijia, yaani chai.

Mwanzoni chai ilikuwa chai. Lakini wanawake wa kilima kile walipendana sana katika Bwana, na hakuna aliyekubali kupendwa kuliko anavyopenda. Huyu akiweka maandazi, mwenzake wiki inayofuata aliweka vitumbua, wa tatu akaweka chapati na maharage, na haukupita muda jogoo wa kilimani wakaanza kuiogopa Alhamisi. Bibi yangu alikuwa jemadari wa vita hivyo. Alipenda kusema kwamba mgeni akitoka kwako anatembea upesi, ujue hakushiba.

Chini yetu kidogo aliishi fundi nyavu, mtu mpole aliyefiwa na mkewe na kuachiwa watoto wadogo. Alikuwa na besi nzito, na nyimbo zetu zilitulia juu ya sauti yake kama sufuria juu ya mafiga. Taabu ilikuja kila zamu yake ilipokaribia: ilikuwa lazima asafiri kwenda Magu kumzika shangazi. Shangazi yule alikufa wakati wa mvua, akafa tena pamba inavunwa, na kuelekea Krismasi akawa mahututi. Mwishowe fundi akaacha kuja kabisa. Watu walisema amepoa kiimani. Tulimwombea kwa bidii sana, midomo yetu iking'aa mafuta ya chapati.

Ni mzee wetu wa kanisa, mstaafu wa reli, mrefu mwenye sauti ndogo, aliyeelewa kilichompoza. Alhamisi moja alisimama akatangaza kwamba kuanzia wiki ijayo, popote tutakapokutana, yatatolewa maji matupu. Alisema Bwana wetu aliahidi thawabu kwa kikombe cha maji, hakutaja vitumbua. Sote tukaitikia amina. Kisha akateremka kwa fundi nyavu, akaketi naye jioni nzima akimshikia uzi, mpaka fundi akakubali kurudi.

Alirudi kweli, na nyimbo zetu zikapata tena sakafu. Wiki ya kwanza tulipewa maji, tukayanywa kwa unyenyekevu. Wiki ya pili maji yalikuja ya moto, maana mwenye nyumba aliogopa kutuumiza matumbo. Wa tatu aliyatia tangawizi ili yasinuke moshi. Aliyefuata akaongeza majani ya chai, yapate rangi, na sukari, ili tangawizi isiwakere watoto. Kisha tukaletewa matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa, kwa sababu, tuliambiwa, si afya kunywa maji na tumbo tupu. Mzee wa kanisa alikuwa akifungua kinywa kukemea, mtu anamtia kiazi. Mimi nilikuwa mbeba sinia, kwa hiyo niliona jambo ambalo wengine hawakuliona: kila wiki fundi nyavu alikaa karibu zaidi na mlango.

Zamu ya Bibi ilikuwa wiki moja kabla ya zamu ya fundi. Siku hiyo Bibi aligawa maji sebuleni, baridi, matupu, kwa uso wa mtu aliyetubu. Lakini nyumba nzima ilinuka nyanya na kitunguu, na tangu wimbo wa kwanza watu waliimba huku wameelekea pazia la chumbani. Baada ya amina Bibi alitangaza taratibu kwamba kama kuna ambaye kiu yake imepitiliza, apite chumbani akapumzike. Walipita wote. Juu ya kitanda cha marehemu babu, kwenye sinia tatu, walilala sato wazima katika mchuzi, na ugali wa muhogo kando yao kama mito.

Tulikuwa katikati ya furaha hiyo aliposema fundi nyavu, akiwa bado amesimama kwenye pazia, kwamba Alhamisi ijayo hatakuwepo. Shangazi yake wa Magu, alianza, halafu hakumalizia. Mzee wa kanisa alikuwa na kichwa cha sato mkononi. Alikirudisha kwenye sinia polepole, kama mtu anayerudisha alichoiba. Fundi aliaga, akateremka mawe. Kila mtu pale alijua kwamba safari hii akienda, ameenda.

Bibi hakugusa chakula. Alimgombeza paka, akanigombeza mimi, akaigombeza sufuria. Kisha akakaa juu ya kinu na kusema, "Nimemfukuza mtoto wa watu kwa samaki."

Alhamisi ilipofika alivaa kitenge chake cha Pasaka, akachukua kikombe chake cha bati, tukateremka. Fundi alikuwa mlangoni akishona wavu. Mafundi wa kule huuvuta wavu kwa kuunasa kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa bahati yetu alikuwa amejifunga vizuri, hakuweza kukimbia. Alimwamkia Bibi, "Shikamoo, Mama," akainama.

"Marahaba."

"Mama, mimi nimesafiri."

"Naona," alisema Bibi, akijikalisha kwenye jiwe. "Basi tutakusubiri hapa hapa mpaka urudi. Ila nina kiu."

Binti mdogo wa fundi alitoka na maji ya mtungini. Bibi alikunywa, akafumba macho, akainamisha kichwa kama anayesikiliza wimbo wa mbali.

"Maji haya umeyapikaje?"

"Mama, ni ya ziwani. Nimeyachemsha tu."

"Usinifiche, mwanangu. Umeyatia nini?"

Wengine walikuwa wanafika sasa, kila mmoja na kikombe chake, wakijipanga juu ya miamba. Wakaomba maji. Wakaomba tena. Wivu ule ule wa vitumbua ukahamia kwenye kunywa: hakuna aliyekubali mwenzake ayasifu maji kumzidi. Yule mama wa chapati aliomba ya kumpelekea mumewe nyumbani. Mzee wa kanisa alisukutua, akasema hata kule relini hajapata kuonja kitu kama hicho. Fundi nyavu alianza kucheka kwa besi yake, machozi yakimshuka, na wavu bado mguuni.

Mzee akamwomba atuombee. Hilo lilikuwa kosa. Fundi alikuwa na sala zilizolala kifuani tangu mazishi ya mkewe, akazitoa zote. Aliombea watoto, mitumbwi, kilima kizima, nyumba kwa nyumba. Aliomba msamaha kwa shangazi yake, mzima wa afya, aliyemzika mara kwa mara. Sisi tuliojaa maji tulikuwa tumekunja miguu, tukitetemeka, na nina hakika hakujapata kuwa na watu walioomba kwa bidii vile ili amina ifike. Ilipofika, jumuiya ya Mungu ilitawanyika nyuma ya mawe, wanawake kushoto, wanaume kulia.

Bibi hayupo sasa, wala fundi, na miamba mingi imepasuliwa kuwa kokoto. Kwa binamu yangu kulikuwa na kiti kimoja kilichobaki na utepe wake bila mtu. Niliuliza ni cha nani. Cha dada mmoja mpangaji wa nyumba ya chini, waliniambia. Zamu yake ilikuwa inafuata, ameandika kwenye kundi la simu kwamba amesafiri, nao wamemtakia safari njema. Walisema kwa upendo kabisa, wakipitisha pilau. Hatujawa wabaya, rafiki yangu. Ni kwamba siku hizi mtu akisema amesafiri, tunamwamini.