Jiwe Lililomzika Mzee Baluku Akiwa Hai

Mimi ni mchonga mawe hapa Kasese, na aibu hii niliitafuta mwenyewe. Kamati moja ya Bwera ilinipa orodha ya wapiganaji wa zamani, nichonge kwenye jiwe la ukumbusho majina ya waliokufa tu. Mbele ya jina la Mzee Baluku paliandikwa "hayupo". Nikamsikitikia, nikamchonga wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Siku ya kulifunua, mzee mwenye medali kifuani alilisogelea jiwe, akasoma, akageuka.

"Nani ameniua? Nilikosa mukutano tu, nilikuwa Butembo kuona wajukuu!"

Mwenyekiti wa kamati akaninyooshea kidole. Mzee akanijia, akanipigia saluti mbele ya umati wote.

"Afande, marehemu Baluku iko hapa. Chakula wanagawa wapi?"