Sarafu ya Shaba Kutoka Kilwa

Binti yangu anakaa Richmond Hill, mimi nakaa ghorofani karibu na Dixon Road, huku huku ughaibuni, na kila Jumapili ananipigia simu kuniuliza kama nimekula. Nimekula! Nitakosaje kula? Wajukuu wakipewa simu nawasemesha Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, kisha simu inarudi kwa mama yao. Basi, wiki imekwisha.

Ndiyo maana niliposikia kwamba makumbusho fulani huko Don Mills yanatafuta sarafu za kale za Kilwa, nilivaa koti nikapanda basi na theluji ile, Mungu wangu. Ninayo moja, ya shaba, ndogo kama ukucha. Kwetu Kilwa zilikuwa zikiibuka shambani baada ya mvua, nasi watoto tukizifanya pesa za kuchezea duka.

Mtafiti alikuwa binti wa Kihindi, bibi yake mzaliwa wa Tanga. "Shikamoo, bibi," akasema. Nusura nilie. Kiswahili chake ni cha jikoni, kikimwishia anarukia Kiingereza. Alinieleza kuwa masultani wa Kilwa walizipiga chapa sarafu hizi karne nyingi zilizopita kwa ajili ya soko la kwao. Wafanyabiashara wa mbali walitaka dhahabu na nguo, lakini mtu wa mjini akitaka samaki au mtama alitoa hizi. Nje ya mwambao wetu ni wachache mno waliozipokea.

"Hii uliiokota wapi hasa?" akauliza. Mahali ndipo penye habari, alisema; hapo wanajua watu walikuwa wakiuziana wapi.

Nikamwambia: nyuma ya jiko la mama, kwenye matuta ya muhogo, upande wa kisimani. Akauliza habari za kisima. Akauliza majirani waliokota nini, na vigae vya vyungu je? Weee! Nilisema mpaka koo likanikauka. Chai ililetwa ikapoa, nami bado nasema. Tangu nimzike mume wangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la pili.

Mwishowe akaniomba niwaachie sarafu yangu waitunze. Ni jambo la heshima, na kabatini kwangu hainisaidii kitu.

"Bado nafikiria, mjukuu wangu," nikasema. "Nitarudi nayo Alhamisi."

Sikuwa na la kufikiria hata kidogo. Ila nikishaiacha, wataniita tena kwa lipi?