Wiki Sita za Shehe wa Misri

Hapa Nyahanga, mjini Kahama, mnaniita Shehe wa Misri. Nikipita sokoni mnanibusu mkono, na wageni mnawaambia kwamba huyu amesoma kwenye chuo kikongwe kuliko vyote. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza nilikaa huko muda gani. Nilikaa wiki sita, na sikusomeshwa hata ukurasa mmoja. Kwa kuwa hamuulizi, nawaandikia.

Niliondoka kwa ajili ya Mwalimu Sefu. Wote tuliosoma Kurani mji huu tumesoma uani kwake: yeye kwenye kigoda anapukuchua mahindi, sisi tunasoma. Hainui macho. Ukikosea, anakurushia gunzi. Nilipofika miaka ishirini nilikwisha kumwona kuwa mkulima tu aliyebahatika kujua herufi. Nikamwambia baba kwamba nikienda Misri nitarudi kukaa mahali pa yule mzee, na baba, ambaye alipenda sifa kunizidi mimi, akauza ng'ombe.

Siku ya safari nilikwenda kumuaga, kwa kuwa mama alinilazimisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, nikuandikie majina. Mimi nilisoma kwa nani, naye alisoma kwa nani, mpaka mwanzo. Huko watakuuliza."

"Mwalimu, watu wa Misri watajua majina ya watu wa porini huku?"

Akainua macho, akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Kisha akarudi kwenye mahindi yake.

Kutoka Kahama mpaka Shinyanga nilipanda lori la pamba, juu ya magunia. Treni ilichelewa siku nzima, na watu walijilaza pale stesheni kana kwamba ndiko kwao. Mwanza nikapanda meli ya ziwa, na humo nikakutana na Idrisa, kijana wa Bukoba aliyekuwa akienda kulekule niendako. Hana viatu, kabeba furushi la ndizi zilizokaushwa, na kutwa midomo inamcheza. Nilipomuuliza anasoma nini, alisema anarudia majina ya walimu wa mwalimu wake asije akayasahau. Nilicheka mpaka mabaharia wakageuka.

Baada ya Uganda safari ni maji tu: ziwa, mto, gari kidogo, mto tena. Abiria walikuwa wakijisifu kwamba wanauona mto Nile. Mimi niliona maji yaleyale ya wavuvi wa Nkome, kwetu ziwani, ila yenye mbu zaidi. Sudani, kwenye treni, mchanga uliingia hadi kwenye meno. Njia nzima sikuona kitu cha kumfanya mtu aikimbie Kahama.

Kairo tuliingia asubuhi. Chuo chenyewe kimo msikitini: ua mpana, nguzo zisizohesabika, na kwenye kila nguzo shehe kazungukwa na wanafunzi. Nilitegemea makubwa zaidi. Watu wamekaa chini wanasoma, sawa na uani kwa Sefu, tofauti ni kwamba huku hakuna mahindi.

Mwanafunzi wa kigeni hupewa mahali pa kulala na mkate wa kila siku, lakini sharti kwanza aandikwe daftarini. Mwandishi alikuwa mzee mwenye miwani. Hakuniuliza nimesoma vitabu gani. Aliuliza, "Umesoma kwa nani?"

Niliona aibu kumtaja mpukuchua mahindi. Nikabuni shehe wa Unguja.

"Naye alisoma kwa nani?"

Nikabuni mwingine, wa Lamu.

"Naye?"

Wa tatu nikampa jina la mjomba wangu anayeuza chumvi. Wa nne nikakwama. Mzee akaweka kalamu chini, wala hakukasirika. "Mwandikie mwalimu wako akuletee majina," akasema, kisha akamwita anayefuata. Aliyefuata alikuwa Idrisa. Aliyatiririsha majina yake miguu mitupu, bila kupumua, akapewa mkeka na mkate.

Wiki sita nilikula nusu ya mkate wa Idrisa, pamoja na maharage ya Misri ambayo hupikwa mpaka hayajulikani tena kuwa maharage. Kila siku alinisihi.

"Ndugu yangu, andika barua. Karatasi ninayo."

"Nimwombe yule? Afadhali nirudi."

Nilikaa nyuma ya nguzo nikisikiliza darasa ambamo sikuhesabiwa, nikijiambia kwamba halina jipya. Lilikuwa na mapya mengi, na nililia kwa wivu. Wiki ya sita nikajinunulia tarbushi, ile kofia nyekundu ya mashehe wa Misri, nikarudi.

Shinyanga mlikuja stesheni kunipokea kwa dufu. Mliiona tarbushi, ikawatosha. Ijumaa ile, msikitini, Mzee Songoro, mkubwa wa msikiti wetu, akatangaza kwamba mwenye elimu amekuja, sasa Mwalimu Sefu apumzike. Hakuna aliyepinga, hata ninyi aliowafundisha alifu. Sefu, aliyekuwa amekaa mbele mahali pake pa mwalimu, akasimama mwenyewe, akakunja msala wake, akanipisha.

Mahali pale nilipatamani miaka. Nilikwisha kuinua mguu niende kukaa, nikashtukia nauliza, "Mwalimu, wewe ulisoma kwa nani?"

Akainua macho, mara ya pili. Akaanza na mzee mmoja wa Tabora, na aliyemsomesha mzee huyo, akapita Bagamoyo, Unguja, Hadhramaut, jina baada ya jina. Hakukwama hata mara moja. Alipofika mwanzo akanigeukia, na nilijua kwamba ameshanisoma wiki zangu zote sita.

"Na kwangu mimi," akasema, "amesoma huyu."

Nikavua tarbushi, nikakaa chini mbele yake, naye akatandika tena msala wake. Mpaka leo mnasimulia kwamba zile ndizo adabu za Misri. Kutoka Misri sikuleta chochote ila swali lile moja. Majina ninayo sasa, yote, na la kwanza ni la mpukuchua mahindi. Nangoja mmoja wenu aniulize.