Fundi Anayesikiliza kwa Meno

Mume wangu, Baba Pacha, alianza ufundi wa pikipiki kabla hajaota ndevu, na nusu ya kazi yake ilikuwa kusikiliza. Pikipiki ikiwa bado inakata kona kuja gereji, yeye huko ndani anasema, "Cheni hiyo imelegea," na ukienda kuangalia, kweli imelegea. Cherehani yangu iko mlango wa pili. Nilikuwa nikimwambia, laiti ungenisikiliza mimi hivyo, tungekuwa mbali.

Halafu masikio yakaanza kufa. Hakusema. Nilijua mwenyewe, kwa sababu alianza kunitazama mdomo nikiongea, mtu ambaye tangu tuoane hajawahi kunitazama nikiongea.

Mambo yaliharibika pale alipomrudishia mteja pikipiki ikiwa na kelele ile ile aliyoletewa. Mteja alirudi akifoka mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Tangu hapo shemeji yangu, mdogo wake anayefanya naye kazi, akashika wimbo mmoja: "Kaka, wewe kaa mbele uuze oili na plagi. Spana niachie."

Shemeji si mtu mbaya. Ubaya wake ni kwamba kila kelele kwake ni pistoni. Hata mtu akikohoa barabarani, shemeji atakwambia ni pistoni.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati akaleta pikipiki yake, kuukuu kuliko baadhi ya mabinti anaowazalisha.

"Inasaga," akasema. "Kama mtu anasaga mawe humo ndani. Nikimfuata mzazi nyumbani, ananisikia kabla hajasikia uchungu."

"Pistoni hiyo," shemeji akadakia, mama wa watu hata hajashuka.

Baba Pacha akasimama katikati yao. "Hii naifanya mimi. Nikikosea, kesho nakaa mbele nauza oili, na hamtanisikia nikilalamika."

Nikaacha suruali ya watu kwenye cherehani, mguu mmoja umepindwa, mwingine bado, nikaenda kusimama mlangoni. Namjua huyu. Angekaa kweli, na angenyauka kwenye kile kiti.

Akapiga kiki, injini ikawaka. Akachukua bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, ncha akaikandamiza kwenye injini, mpini akauuma kwa meno. Nilishamfuma stoo akifanya hivyo, amejificha kama mwizi wa sukari. Aliniambia mtikisiko unapita kwenye taya mpaka kichwani, haupigi hodi sikioni. Lakini mbele za watu hakuwahi kuthubutu.

Mkunga akaangua kicheko. "Mama Pacha, huyu humpikii?"

"Nampikia, ila anapenda vitu vigumu."

Baba Pacha wala hakugeuka. Akagusa juu, kwenye silinda, akatulia. Akashuka chini, kwenye giaboksi, akafumba macho. Pikipiki haikuwa kwenye gia. Akamwonyesha mkunga kwa mkono: bana klachi. Achia. Bana tena. Achia. Akachomoa mpini mdomoni, akajifuta.

"Klachi ikibanwa, kusaga kunakufa. Ikiachiwa, kunarudi. Na injini muda wote inazunguka vile vile." Akamgeukia mdogo wake. "Sasa niambie, pistoni inajuaje kama klachi imebanwa?"

Shemeji akainama kuitazama klachi.

"Kinachosimama klachi ikibanwa ni shafti ya giaboksi," Baba Pacha akasema. "Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Klachi yenyewe, au beringi iliyoshika shafti hiyo."

Akaanza na klachi kwa sababu iko karibu. Akamwaga oili, akafungua mfuniko wa pembeni, akachambua vyote kimoja kimoja. Vizima. Havina hata mkwaruzo.

Shemeji akainama, akaongea kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angecheka. "Kaka, funga. Hakuna aibu. Nitamalizia mimi."

"Nilisema moja kati ya mawili. Moja tumeshaliona."

Ila kuifikia ile beringi ni lazima injini ipasuliwe katikati, na injini iliyopasuliwa hairudi pamoja kwa maneno matamu. Mkunga alilijua hilo. "Fundi, na kama humo hamna kitu?"

"Wewe utakuwa umepoteza siku. Mimi nimepoteza kazi."

Mkunga akavuta kreti, akaketi. "Pasua. Hata mimi kila siku nashughulikia kwa mikono kitu nisichokiona."

Alipasua. Hakula, chai niliyompelekea ikapoa ikaota utando. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili alipoitoa beringi, akaifuta, akaivika kidoleni na kuizungusha. Ikaenda, ikakwama, ikaruka, ikakwama. Gololi zake zilikuwa na mashimo kama zilizoliwa na wadudu.

Akampa mdogo wake. Shemeji akaizungusha, akairudia, akaigeuza kwenye mwanga.

"Imekufa hii," akasema.

Ikafungwa mpya. Pikipiki ilipowaka, nilisikia injini ya kizee ikijikohoza kawaida, kusaga hakupo. Mkunga akapanda, akazunguka mtaa, akarudi amekenua. Baba Pacha akamshika usukani kabla hajaondoka.

"Masikio yangu yameisha, mama. Wakikuuliza, waambie hivyo hivyo. Ila waambie na ulichokiona."

Kesho yake walikuja wateja wawili, na kila mmoja Baba Pacha alimwambia usoni kabla hajagusa kitu: "Mimi sisikii vizuri. Nitaiuma pikipiki yako kwa meno. Ukitaka, iache. Hutaki, njia ile pale."

Wa kwanza akageuza pikipiki yake akaenda zake. Nilimsindikiza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Wa pili akasimama, akawaza, akaisukuma ndani. Shemeji akaacha alichokuwa akikifanya, akaenda kukamata mkono wa klachi, akamtazama kaka yake akisubiri aambiwe lini abane.